Machungwa, Barafu na Minyoo

Muuza machungwa hahitaji kufundishwa hesabu ya fungu. Huweka matatu chini yakigusana, la nne akalipandisha juu penye kishimo, basi, fungu limesimama. Mwenye meza kubwa hufanya vivyo hivyo kwa mamia: safu ya kwanza, halafu ya pili ikikalia mashimo ya ile ya chini, mpaka lundo limfikie kidevuni. Ukimuuliza kwa nini hapangi kila chungwa wima juu ya jingine atakutazama mara mbili, ajue kama umekuja kununua au kumpotezea wakati.

Mwaka 1611 Johannes Kepler, mwanahisabati wa kaisari kule Prague, alimwandikia mfadhili wake kijitabu cha zawadi ya mwaka mpya. Kilihusu theluji: kwa nini chembe yake huwa na pembe sita. Katikati ya mazungumzo hayo akatupia neno kuhusu upangaji wa matufe, kwamba mpango huu wa muuza machungwa ndio unaobana kuliko wote. Hakutoa uthibitisho. Alilisema kama mtu anayesema jua linawaka, akaendelea na theluji yake.

Ilichukua miaka 387 kabla ya mtu kujitokeza na uthibitisho uliokuja kukubaliwa.

Nimeanza na machungwa kwa sababu ya maneno mawili tunayoyasikia redioni kila siku: utafiti umethibitisha. Utafiti umethibitisha kahawa inafaa moyo. Wiki ijayo utafiti mwingine umethibitisha haifai. Msikilizaji hatimaye hufanya mojawapo ya makosa mawili, ama anaamini kila kitu, ama haamini chochote. Na wasomi wenyewe hawamsaidii, kwa kuwa vyuoni kuna ngazi isiyoandikwa popote lakini kila mtu anaijua: hisabati juu kabisa kwa kuwa ina uhakika, fizikia na ndugu zake katikati, na chini kule sayansi za jamii, ambazo watu wa ngazi za juu huziita porojo zenye majedwali. Mimi naona ngazi hiyo imejengwa vibaya. Kinachozitofautisha elimu hizi tatu ni kitu kimoja cha kawaida sana: inamgharimu nini mtu mwingine kuirudia kazi yako ili akukatalie, na akishairudia, ni kweli amerudia kitu kilekile?

Turudi mezani kwa machungwa. Kwa mpango wa Kepler matufe hujaza asilimia 74 na kidogo ya nafasi, iliyobaki ni hewa. Yamwage ovyo kwenye pipa ulitikise, utafika kama 64. Kila chungwa la katikati hugusana na mengine 12: sita ubavuni, matatu chini, matatu juu. Mwaka 1831 Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba kati ya mipango yote yenye utaratibu unaojirudia, huu hauna mshindani. Ikabaki ile isiyo na utaratibu, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu vurugu hazina idadi. Nani ajuaye kama hakuna namna fulani ya kuvuruga machungwa, ya ajabu ajabu, inayobana zaidi kidogo tu? Muuza machungwa hawezi kukujibu. Yeye anajua kwamba hajawahi kuiona. Mwanahisabati anataka kujua kwamba haipo.

Mwaka 1998 Thomas Hales wa Marekani, akisaidiwa na mwanafunzi wake Samuel Ferguson, alitangaza kuwa kazi imekwisha. Kazi yenyewe ilikuwa kurasa 250 za maandishi pamoja na gigabaiti 3 za programu na matokeo ya kompyuta. Jarida la Annals of Mathematics, ambalo kwa wanahisabati ni kama kucheza fainali, likateua wahakiki 12. Wakakaa nayo miaka. Mwishowe kiongozi wao akaripoti kwamba wana uhakika wa asilimia 99, lakini hawawezi kuthibitisha kila kitu, na nguvu zimewaishia. Makala ikachapishwa mwaka 2005 katika hali hiyo.

Asilimia 99! Daktari akikupa dawa yenye uhakika wa namna hiyo utaimeza palepale na kumwombea dua. Kwa Hales hiyo ilikuwa aibu, tena deni. Tangu mwaka 2003 alikuwa ameanzisha mradi alioupa jina la Flyspeck wa kuandika upya uthibitisho mzima, hatua kwa hatua, katika lugha ambayo kompyuta inaweza kuikagua bila kuruka chochote, hata yale ambayo binadamu husema “ni wazi kwamba”. Watu zaidi ya 20 walishiriki. Tarehe 10 Agosti 2014 walitangaza kuwa wamemaliza. Miaka 11 ya kujikagua, kwa jambo ambalo sokoni halijawahi kuwa na ubishi.

Kurudia katika hisabati ndiko hasa kurudia. Uthibitisho wa Hales ukiusoma Mwanza au Moscow ni uleule, leo au miaka 500 ijayo. Huombi kibali, hununui vifaa, huna sampuli. Ila tusidanganyane kwamba hapo hakuna imani. Hakuna binadamu aliyesoma gigabaiti zile. Tunaamini wahakiki, kisha tukaamini mashine, kisha tukaamini waliokagua mashine. Mnyororo ni mfupi na kila pete yake unaweza kuishika, na ubora wake ni huo tu.

Kutoka mashamba ya machungwa ya Muheza hadi Magamba, juu katika milima ya Usambara karibu na Lushoto, ni safari ya saa chache ndani ya mkoa uleule wa Tanga. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Njia ilikuwa moja: chemsha maziwa, changanya na sukari, acha yapoe, ndipo uingize kwenye friji. Friji lenyewe nafasi yake ndogo, wagombea wengi. Siku hiyo mwenzake mmoja aliogopa kuikosa, akakoroga sukari kwenye maziwa ambayo hayajachemshwa akayaingiza. Mpemba yake yalikuwa jikoni yamechemka. Akaona akingoja yapoe atakuta trei zimejaa, akayaingiza yakitoka mvuke. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kuangalia. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipopanda kwenda sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huko akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Darasa likalidaka. Kila alipokosea hesabu wenzake wakasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Aliyesoma bweni anajua jina la namna hiyo likishakushika linavyong’ang’ania.

Kisha akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote kwenye friji, kwa nini cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Ukumbi ukacheka. Osborne hakuamini, ila aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na jibu ambalo nalipenda kuliko yote katika historia ya sayansi ya nchi hii: maji ya moto yalitangulia kuganda kweli, lakini asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi.

Tutamrudia fundi huyu. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo lile likapewa jina la kijana aliyechekwa. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, akafanya kazi katika fani hiyo. Baadaye watu wakafukua vitabu na kukuta kwamba Aristotle alikwisha kuligusia, Francis Bacon na Descartes pia. Halikuwa geni, lilikuwa limesahauliwa.

Ungedhani hapa pana kesi rahisi. Maji mawili na friji moja, jaribio analoliweza mtoto, litarudiwa mara elfu na ubishi uishe. Haukuisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora. Yaliingia zaidi ya 22,000. Wapo waliosema maji ya moto hupungua kwa mvuke, hivyo yanabaki machache ya kugandisha. Wapo waliosema chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu chini yake kikagusana vizuri na chuma. Wengine wakataja hewa iliyoyeyuka majini, au mzunguko wa maji ndani ya chombo, au tabia ya maji kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakasema tusihangaike kutafuta sababu ya kitu ambacho huenda hakipo: walipima kwa uangalifu, wakapekua vipimo vya waliowatangulia, wakaona kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya maji kunatosha kukupa “tokeo la Mpemba” lisilokuwapo.

Ukichunguza ubishi huu utaona sehemu kubwa yake ni ya neno. Kuganda ni nini? Ni pale maji yanapofika nyuzi sifuri? Ni chembe ya kwanza ya barafu? Au ni pale chombo kizima kinapokuwa jiwe? Watafiti tofauti walichagua tofauti, wakapishana. Sisi tungewacheka vizuri zaidi, maana kwa Kiswahili maziwa yakiganda yanaweza kuwa hayajawahi kuliona friji, umepata mtindi. Aliyechagua maana ya neno amekwisha kuchagua nusu ya jibu, na mara nyingi amechagua bila kujua.

Halafu fizikia ikafanya jambo ambalo ni ujanja wake wa siku zote: swali la jikoni likiwa na mambo mengi mno, lihamishie penye mambo machache. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, waliacha maji kabisa. Walichukua punje moja isiyoonekana kwa macho, wakaisukuma kwa mwanga wa leza, na wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba mfumo ulioanzia kwenye joto zaidi unaweza kweli kuufikia ubaridi kabla ya ule ulioanzia karibu, tena wakajua ni katika masharti gani. Mwaka 2024 jina la Mpemba likaonekana katika majaribio ya chembe za kwanta. Kwa hiyo leo tuna hali ya kuchekesha: tokeo la Mpemba limethibitika katika vitu ambavyo Mpemba hakuwahi kuvisikia, na katika maziwa ya Magamba bado wanabishana.

Hapo ndipo kurudia kwa mwanasayansi wa asilia kunapoachana na kwa Hales. Friji la Iringa si friji la London. Maji yana chumvi zake, chombo kina mikwaruzo yake, mlango umefunguliwa mara ngapi hakuna aliyeandika. Hurudii tendo, unarudia maelezo ya tendo, na yale ambayo maelezo hayakuyataja yanaingia mlango wa nyuma.

Sasa fundi wetu. Kosa lake halikuwa uvivu. Alirudia, na aliahidi kurudia zaidi. Ila alikuwa na jibu mfukoni kabla ya kufungua friji, hivyo jaribio linalomkatalia alilihesabu kuwa bovu na linalomkubali angelihesabu kuwa ndilo. Kurudia kwa namna hiyo kunaweza kukupa chochote unachokitaka, ukiwa na subira. Na watu wenye shahada kubwa kuliko yake wamefanya vivyo hivyo bila kukiri. Mwaka 2015 kundi la wanasaikolojia wapatao 270 lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka mwaka 2008 katika majarida matatu yenye heshima. Katika makala za awali, asilimia 97 zilikuwa zimepata tokeo lenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu.

Namna inavyotokea si siri. Takwimu zina desturi ya kukubali tokeo kama nafasi ya kulipata kwa bahati tu haizidi asilimia 5, yaani moja katika 20. Basi mtu ana data yake. Anajaribu wanaume peke yao, wanawake peke yao, wa mjini, wa kijijini, anamwondoa mzee mmoja aliyejibu vibaya, na katika jaribio la ishirini kitu kinang’aa. Anaandika kile kinachong’aa. Yale 19 hayaonekani popote. Hakudanganya neno hata moja, na alichokiandika si kweli. Dawa iliyoonekana kufaa kidogo ni kumlazimisha mtafiti aseme mapema: kabla ya kufungua friji, andika mahali pa wazi utapima nini na utahesabu nini kuwa kuganda. Majarida makubwa ya tiba yalianza kudai usajili wa namna hiyo mwaka 2005, na wachumi wa Marekani wakafungua daftari lao mwaka 2013.

Kisa cha tatu kiko ng’ambo ya pili ya mpaka, Busia, magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Hiki nakipa nafasi kubwa kwa sababu ndicho kinachogusa mifuko ya serikali zetu, na ndicho kinachodharauliwa na watu wa ngazi ile ya vyuoni.

Mwaka 1998 shirika moja lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wachumi wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, waliona nafasi. Kremer alikuwa amewahi kufundisha sekondari Kakamega alipokuwa kijana. Shule ziligawanywa makundi matatu kufuatana na orodha. Kundi la kwanza likapata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kwa kuwa pesa hazikutosha kuanza kote kwa mara moja, waliosubiri wakawa kipimo cha waliotangulia. Ukubwa wa tatizo haukuwa wa kubahatisha: katika uchunguzi wa awali zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikutwa na aina moja au zaidi ya minyoo, safura, mjeledi, ile mikubwa ya tumboni, na kichocho.

Angalia walivyopima. Hawakuchukua daftari la mahudhurio. Mwalimu yeyote anajua daftari lile linavyojazwa Ijumaa mchana kwa kalamu moja. Walituma watu wafike shuleni bila taarifa na kuhesabu vichwa vilivyo darasani. Hilo tu lingetosha kuiheshimu kazi yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica: utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikupanda, na waandishi walilisema hilo bila kulificha. Lakini kilichowashtua wasomaji kilikuwa kingine. Watoto ambao hawakunywa dawa, waliokuwa katika shule zilizopata dawa, nao walipata nafuu. Hata shule jirani zilipata. Ukifikiri kidogo ni jambo la wazi. Mayai ya safura hutoka kwa mtoto mmoja, hukaa kwenye udongo, na mwenzake anayekanyaga peku huyapata yakiwa vibuu. Ukimtibu wa kwanza umemkinga wa pili. Tafiti nyingi za awali ziligawa dawa kwa nusu ya watoto wa shule moja na kuwalinganisha na nusu iliyobaki, zikaona tofauti ndogo, zikasema dawa haina maana sana. Kumbe nusu ile nyingine ilikuwa ikipona kwa dawa ya wenzao.

Makala hiyo ikasafiri. Kenya ilianza mpango wa taifa wa dawa za minyoo mashuleni mwaka 2009, na mashirika ya misaada duniani yakaitaja Busia kama mfano wa pesa kidogo inayofanya kazi kubwa. Ndipo mwaka 2015 watafiti wa afya ya jamii kutoka London, waliopewa data ileile na waandishi wenyewe, wakatoa uchambuzi wao wa kurudia. Walikuta makosa, likiwamo la programu katika kuhesabu shule jirani. Baada ya kusahihisha, nafuu kwa shule zilizo ndani ya kilomita 3 ilibaki. Ile ya kati ya kilomita 3 na 6 iliyeyuka. Wakaenda mbele zaidi, wakachambua kwa desturi za fani yao, mwaka mmoja mmoja badala ya kuichanganya, na kwa njia hiyo ushahidi kuhusu mahudhurio ukaonekana dhaifu. Wachumi wakajibu kwamba kuitenganisha miaka ni kuitupa nusu ya nguvu ya data. Ugomvi huo ukaitwa vita vya minyoo.

Mimi sioni kwamba ugomvi huo uliifedhehesha sayansi ya jamii. Naona kinyume. Data ilitolewa hadharani, wapinzani wakapewa funguo, kosa likaonekana, likakubaliwa, na kila mtu akajua ni wapi hasa wanapotofautiana. Ni fani ngapi zinazojigamba kuwa ngumu zinaweza kusema hivyo? Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa majaribio ya aina hii, na mwaka 2021 ikatoka makala nyingine iliyowafuatilia watoto wale wa Busia miaka 20 baadaye, wakiwa watu wazima waliotawanyika hadi mijini: waliopata dawa miaka miwili hadi mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wakipata kipato cha saa kilicho juu kwa asilimia 13. Wanaobisha bado wanabisha, na wana hoja.

Ila jaribu kuirudia Busia. Huwezi. Miezi ile ilikuwa ya El Niño, mvua zilizofurika kote. Watoto wale sasa wana watoto. Shule za leo zinapewa dawa na serikali, hivyo ni vigumu kukuta tena kijiji chenye minyoo kiasi kile cha kulinganisha, na kama kingekuwapo, nani ataruhusu nusu ya watoto wanyimwe dawa iliyokwisha kujulikana? Utafiti umekibadilisha kile kilichotafitiwa. Chungwa halijui kama Hales amelithibitisha. Maji hayakusoma makala ya 1969. Mzazi wa Budalangi ameshasikia habari za dawa.

Na alichosikia kinaweza kukushangaza. Miguel na Kremer walipoangalia nani anakubali dawa, walikuta kwamba familia zenye marafiki wengi katika shule zilizotangulia kupata dawa ndizo zilizokuwa na hamu ndogo zaidi ya kunywa. Habari zilizosambaa hazikuwa za kuisifia. Na shule fulani zilipoanza kutoza ada ndogo, wanywaji walipungua kwa takriban asilimia 80. Hapa ule usemi tunaoupenda, kwamba wananchi wenyewe ndio wanaojua, unahitaji kuangaliwa vizuri. Muuza machungwa alijua kabla ya Kepler. Mpemba alipouliza, aligundua kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa wakiingiza mchanganyiko wa moto kwa makusudi, ili ugande upesi, na wala hawakuona ajabu. Lakini faida ya dawa ya minyoo iliyomo tumboni mwa mtoto wa jirani haionekani kwa macho ya mtu yeyote aliyesimama mlangoni kwake. Inaonekana katika orodha ya shule 75 tu.

Kuna jambo jingine kuhusu kurudia tafiti za jamii kwetu, na halisemwi kwenye semina. Dodoso huandikwa kwa Kiingereza, hutafsiriwa usiku wa kuamkia safari, na kesho yake kijana mwenye tableti anasimama uani kwa mama. “Mama, unafanya kazi?” “Hapana mwanangu, kazi nitoe wapi, nalima tu.” Anabonyeza: hana kazi. Mama ana jembe mkononi. Swali la pili, mko wangapi katika kaya. Kaya ni neno la ofisini. Mama anajua wanaokula chungu kimoja, na chungu hicho leo kina watoto wa mdogo wake wawili waliokuja likizo, lakini hakina baba yao, anayekula kwa mke wa pili. Swali la tatu, analala saa ngapi. Anajibu saa nne, na kama aliyesanifu fomu ni mgeni asiyejua kwamba saa zetu huanza jua likichomoza, kwenye jedwali mama huyu ni mtu wa kukesha. Mpelekee dodoso hilohilo mwakani mtu mwingine mwenye lafudhi nyingine, utapata kijiji kingine.

Sasa nani analipwa kurudia? Hapa ndipo penye uchungu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika pendekezo la utafiti hudaiwa aonyeshe “pengo”, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Akisema anataka kurudia kazi ya fulani aone kama inasimama, ataambiwa hiyo si mpya, katafute mada. Basi anatafuta: anachukua mada ya Kisumu anaihamishia Dodoma, pengo limepatikana. Halafu anaweka sampuli ya watu 384, namba ambayo nusu ya tasnifu za Afrika Mashariki zinaijua kama wimbo. Imetoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ni sahihi kabisa kwa anayetafuta kiwango kimoja cha asilimia katika watu wengi kwa kukosea pointi 5 huku au kule, akiwa amewachagua kwa bahati nasibu. Wa kwetu mara nyingi amewachagua waliokuwapo. Jedwali halikumwambia afanye hivyo, wala hakuna aliyemrudisha.

Si umaskini peke yake. Kule kwenye pesa nako majarida hupenda jipya kuliko lililorudiwa, na anayetumia miaka mitatu kuonyesha kwamba kazi ya mwenzake haisimami hupata adui mmoja na makala moja. Hales alijirudia mwenyewe, tena akiwa na jina tayari. Data ya Busia ilirudiwa kwa sababu mfuko mmoja ulitenga pesa kwa kazi hiyo hasa. Burridge na Linden walikuwa na udadisi. Hiyo haitoshi kuwa utaratibu.

Ukitaka, fanya jaribio la Mpemba usiku huu. Katika yote niliyoyataja ndilo la bei ndogo. Tafuta vikombe viwili pacha, vya bati. Kabla ya kuchemsha chochote chukua karatasi uandike: kuganda kwangu ni kikombe kikiinamishwa kidogo maji hayasogei. Pima maji kwa chupa moja. Weka vikombe juu ya kipande cha ubao, visigusane na utando wa barafu, na mwombe mtu asiyejua kipi ni cha moto ndiye aviinamishe, kila baada ya dakika kumi. Kesho badilisha nafasi: cha kushoto kiende kulia. Fanya hivyo mara 20, uandike zote, hata zile zinazokuudhi. Umeme ukikatika katikati, anza upya.